Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kutambua Hitilafu za Gari

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye gari anayetaka kujua gari lake lina tatizo gani kabla hajanunua kipuri, na pia kwa fundi anayeanza ambaye bado hajazoea kupima. Yanahusu zaidi magari ya petroli yenye umeme wa volti 12. Magari ya dizeli yametajwa pale yanapotofautiana. Mwenye gari la haibridi afahamu kwamba nyaya nene za rangi ya machungwa hubeba umeme mkubwa unaoweza kuua, na hazipaswi kuguswa na mtu ambaye hakufunzwa kazi hiyo.

Gari limeanza kusumbua. Nianzie wapi?

Anza na kalamu na karatasi, spana ifuate baadaye. Andika hitilafu inajitokeza lini: injini ikiwa ya baridi au imeshapata moto, gari likiwa limesimama au linakwenda, katika mwendo gani, wakati wa kukanyaga mafuta au wa kuyaachia, siku ya mvua au siku kavu. Mteja anayemwambia fundi kuwa "gari linatetemeka" hajamwambia kitu. Anayesema kuwa usukani hutetemeka kuanzia kilomita 90 kwa saa na kutulia kabla ya 120 ameshafanya nusu ya kazi.

Jambo la pili ni kukumbuka kilichoguswa karibuni. Hitilafu iliyojitokeza siku mbili baada ya matengenezo mara nyingi ina undugu na matengenezo hayo: plagi ya sensa haikuchomekwa hadi ikalia, mpira wa hewa umeachwa bila kubanwa, au waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) umesahaulika chini ya boksi la hewa. Baada ya hapo tazama vitu vinavyoonekana kwa macho, yaani kiasi cha oili na kulanti (maji ya kupoza injini), mikanda, mipira, vichwa vya betri na fyuzi. Kwa kazi nyingi zinazoelezwa hapa, multimita ya kawaida (kipimo cha volti na ampea), taa ya kupimia umeme na kifaa cha kusomea misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari vinatosha.

Nikigeuza ufunguo nasikia "ta-ta-ta-ta" na gari haliwaki. Ni betri au ni stata?

Mlio wenyewe unasema mengi. "Ta-ta-ta" ya haraka ina maana kwamba swichi ya stata inapata umeme wa kuivuta, lakini mara stata inapotaka kuzunguka volti zinaporomoka, swichi inaachia, kisha inavuta tena. Hiyo ni dalili ya betri isiyo na chaji ya kutosha au vichwa vya betri vilivyolegea au kuota ukungu mweupe au wa kijani. "Tak" moja nzito isiyofuatiwa na kitu huelekeza kwenye stata yenyewe au waya wake mnene. Kimya kabisa, huku taa za dashibodi zikiwa zinawaka vizuri, humaanisha kwamba amri ya kuwasha haifiki: tazama rilei ya stata (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), swichi ya ufunguo, swichi ya klachi, au kwa gari la otomatiki jaribu kuwasha gia ikiwa kwenye N badala ya P.

Washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo ukiziangalia. Zikififia hadi karibu kuzimika, umeme hautoshi au stata imekwama na inavuta kupita kiasi. Zikibaki na mwanga uleule, umeme hauendi kwenye stata kabisa. Kisha pima. Betri iliyopumzika saa kadhaa na kujaa chaji husoma takriban volti 12.6, volti 12.2 ni kama nusu ya chaji, na chini ya 12 imekwisha. Wakati stata inazungusha injini, volti za betri hazipaswi kushuka chini ya 9.6 hivi katika hali ya hewa ya kawaida. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imepumzika na kuanguka hadi 7 inapopewa kazi ni betri mbovu, hata kama imechajiwa usiku kucha.

Kipimo ambacho wengi hukiruka ni kile cha volti zinazopotea njiani. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako apige stata. Usomaji ukizidi volti 0.2, waya wa ethi au miunganiko yake ina kasoro. Nakiri kwamba niliwahi kubadilisha stata mbili kwenye gari moja kabla ya kufanya kipimo hiki kinachochukua dakika moja. Kilisoma volti 3.1. Waya wa ethi ulionekana mzima kwa nje, lakini nilipoukunja karibu na bolti ya giaboksi, ganda lilipasuka na ndani yake mkatoka unga wa kijani badala ya shaba.

Nitajuaje kama alternata inachaji?

Alternata huzungushwa na injini ili kuchaji betri, kwa hiyo injini ikiwa inanguruma, pima volti kwenye betri. Magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.7. Ukisoma volti 12 na kitu, na namba inaendelea kushuka taratibu kadiri dakika zinavyopita, alternata haichaji. Ukisoma zaidi ya 15, kidhibiti chake kimeharibika na betri inachemshwa. Washa taa kubwa, feni ya ndani na kiondoa ukungu cha kioo cha nyuma, kisha pima tena: alternata nzima itashuka kidogo na kujirekebisha. Katika magari mapya kompyuta hupunguza chaji kwa makusudi betri inapojaa, kwa hiyo usihukumu kwa kipimo kimoja tu.

Kabla ya kuishusha alternata, angalia kama mkanda wake umekaza na kama plagi yake ndogo imechomekwa sawasawa. Ile mbinu ya zamani ya kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma ili kuona kama gari litazima iachwe kabisa. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alternata. Ukiiondoa ghafla, volti huweza kuruka juu kwa kishindo na kuunguza kompyuta ya gari.

Betri ni mpya na alternata inachaji, lakini asubuhi gari haliwaki. Umeme unakwenda wapi?

Kuna kitu kinachoendelea kula umeme gari likiwa limezimwa. Hesabu yake ni nyepesi. Taa ya buti ya wati 5 ikibaki inawaka hutumia takriban ampea 0.4, sawa na ampea-saa 10 hivi kwa siku. Betri ya ampea-saa 60 itakuwa imepoteza nusu ya chaji yake kwa siku tatu, na hapo stata inaanza kulalamika. Gari zima lililolala kwa kawaida halipaswi kutumia zaidi ya miliampea 50 au karibu na hapo.

Ili kupima, zima gari, toa ufunguo na uuweke mbali, acha boneti wazi na bonyeza kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Weka multimita katika tundu la ampea 10, chomoa waya wa nguzo ya hasi, iunganishe kati ya nguzo hiyo na waya huo, kisha subiri. Kompyuta za gari hulala baada ya muda, nyingine hata nusu saa, na kipimo cha dakika ya kwanza kitakudanganya. Usipige stata multimita ikiwa hapo, kwa kuwa fyuzi yake ya ndani itakatika papo hapo. Usomaji ukibaki juu, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke; fyuzi hiyo ndiyo njia ya mwizi. Uzoefu unaonyesha kwamba redio, kengele ya wizi na vifaa vya kufuatilia gari vilivyofungwa baadaye ndivyo vinavyostahili kushukiwa kwanza.

Stata inazungusha injini vizuri lakini injini haishiki. Kunakosekana nini?

Injini ya petroli inahitaji mafuta, cheche, hewa na mgandamizo, na vyote vifike kwa wakati wake. Tafuta kinachokosekana badala ya kubadilisha vyote.

Fungua ufunguo bila kupiga stata na usikilize upande wa tenki. Katika magari mengi pampu ya mafuta hunguruma kwa sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Isiponguruma, angalia fyuzi na rilei yake kabla ya kushusha tenki. Tazama pia taa yenye alama ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Ikimetameta wakati unajaribu kuwasha, gari halijautambua ufunguo na limezuia injini kwa makusudi, nawe utahangaika bure na plagi za cheche. Ishara nyingine ni mshale wa mizunguko ya injini. Katika magari mengi hupanda kidogo stata inapozungusha. Ukilala sifuri kabisa, shuku sensa ya kranki (inayoieleza kompyuta jinsi injini inavyozunguka), kwa sababu bila habari zake kompyuta haitoi cheche wala mafuta.

Plagi zilizolowa petroli zinaonyesha kwamba mafuta yanafika ila cheche haipo au ni dhaifu, au injini imezidishiwa mafuta. Kwa magari mengi yenye sindano za mafuta, kukanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata huifanya kompyuta ikate mafuta na kuikausha injini. Na ukisikia stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, sauti moja laini isiyo na mapigo, acha mara moja. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na katika injini ambazo valvu na pistoni hupishana katika nafasi moja, kila mzunguko wa ziada unaweza kuongeza valvu nyingine iliyopinda.

Kwa dizeli hakuna cheche, kwa hiyo tafuta hewa iliyoingia kwenye mafuta, chujio lililoziba na, asubuhi za baridi, plagi za joto zisizopata moto.

Na tenki likaguliwe pia. Geji ya mafuta nayo huharibika, na gari limewahi kuvutwa hadi gereji likiwa na mshale unaosema robo na tenki lisilo na tone.

Taa ya injini imewaka. Je, kifaa cha kusomea kitaniambia kipuri cha kubadilisha?

Hapana, na kutoelewa jambo hili kumewagharimu watu vipuri vingi visivyo na kosa. Mfumo wa OBD-II (wa gari kujikagua lenyewe), ambao Marekani uliulazimisha kwa magari yote mapya kuanzia 1996 na Umoja wa Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001, hutoa misimbo inayoeleza kile kompyuta ilichokiona. P0301 inasema silinda ya kwanza inamisi, yaani mafuta yake hayawaki inavyopaswa. Haisemi kama ni plagi, koili (inayoipa plagi umeme wa cheche), sindano au valvu. P0171 inasema mchanganyiko una mafuta machache mno kwa hewa iliyopo. Sababu yaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka au pampu ya mafuta iliyochoka, na mara nyingi sensa ya oksijeni inayobadilishwa ndiyo pekee iliyosema ukweli. P0420 huhusishwa na kataliti (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi), lakini ekzosi inayovuja karibu na sensa huweza kuileta vilevile.

Soma misimbo, iandike, na soma pia takwimu zilizohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea: joto la injini, mwendo na mzigo. Usiifute kabla ya kuinakili. Taa iliyotulia hukupa muda wa kupanga. Taa inayometameta haikupi, kwa kuwa injini inamisi kiasi cha kupeleka petroli mbichi kwenye kataliti, nayo hupata joto hadi kuyeyuka ndani.

Injini inamisi. Nitapataje silinda yenye kosa bila kubahatisha?

Ikiwa kila silinda ina koili yake, mbinu ya kubadilishana ni ya kuaminika na haigharimu kitu. Chukua mfano wa P0302. Zima injini, hamisha koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu, na ya tatu uilete ya pili. Futa msimbo, endesha, soma tena. Msimbo ukigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu, nawe umeithibitisha. Ukibaki P0302, rudia zoezi kwa plagi. Ukiendelea kubaki, pima mgandamizo: silinda zote zinapaswa kukaribiana, na ile iliyo chini sana kuliko wenzake idondoshewe kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi kisha ipimwe tena. Mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni zimelika. Usipopanda, valvu au gasketi ya silinda hedi haizibi.

Plagi yenyewe isomwe inapotoka. Rangi ya kahawia hafifu ni ya afya, masizi makavu meusi ni mafuta yaliyozidi, weusi wenye ulowevu wa oili ni oili inayoingia kwenye chumba cha moto.

Gari linachemsha. Je, niondoe themostati?

Ushauri huo ni wa kawaida sana, nami naupinga. Themostati hufunguka katika joto la nyuzi 82 hadi 95 za Selsiasi, kutegemea injini, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake upesi na kuibakiza hapo. Ukiiondoa, injini itakaa baridi muda mrefu, itatumia petroli zaidi, oili itachafuka mapema, na chanzo halisi cha kuchemsha kitabaki palepale.

Uliza kwanza gari linachemsha wapi. Likichemsha kwenye foleni na kupoa linapopata mwendo, hewa haipiti kwenye rejeta gari likiwa limesimama: tazama feni, fyuzi yake, rilei yake na sensa ya joto. Likitulia kwenye foleni na kuchemsha kwenye barabara kuu au mlimani, feni haina kosa. Shuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyolika mapanga, au mpira wa chini wa rejeta unaonywea injini inapozunguka kwa kasi. Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, na mpira wa juu wa rejeta ukiwa bado baridi, themostati imekwama ikiwa imefunga. Hiyo inapimika jikoni: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bila kugusa chini, pasha moto taratibu na utazame. Itaanza kufunguka karibu na namba iliyochapwa kwenye ukingo wake, kisha ifunguke wazi. Isiyosogea hata maji yanapotokota haina kazi tena.

Mfuniko wa rejeta haupaswi kudharauliwa. Mfumo hufanya kazi kwa shinikizo, na chini ya shinikizo la bar 1 juu ya hewa ya kawaida maji hayachemki hadi nyuzi 120 hivi. Mfuniko wenye mpira uliokauka hulipoteza shinikizo hilo, na gari huchemsha ingawa hakuna kingine kilichoharibika. Kwa sababu hiyohiyo usiufungue injini ikiwa ya moto: shinikizo likiondoka ghafla, maji yaliyozidi nyuzi 100 hugeuka mvuke mara moja na kurukia uso.

Kulanti ikipungua bila kuonekana inapovuja, ekzosi ikitoa moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa ya moto, mapovu yakitoka bila kukoma kwenye rejeta au oili ikifanana na maziwa yenye kahawa, gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi imepinda. Thibitisha kwa kimiminika cha kupimia gesi: kile cha buluu kinachogeuka njano kinapokutana na moshi wa injini ndani ya mfumo wa maji.

Ukiwa barabarani na mshale wa joto umepanda, zima kiyoyozi, fungua hita ya ndani hadi mwisho ili ikusaidie kutoa joto, na utafute mahali pa kusimama. Usimimine maji baridi kwenye injini iliyokauka na yenye moto mkali, kwa kuwa chuma kinaweza kupasuka.

Rangi ya moshi inasema nini?

Mvuke mweupe asubuhi ya baridi unaotoweka baada ya dakika chache ni unyevu tu. Mweupe unaodumu ni kulanti. Wa buluu ni oili inayoungua: ukitoka kwa wingi unapowasha gari lililolala na kisha kukoma, mipira ya valvu imekauka, ukitoka kila unapokanyaga mafuta, tazama ringi za pistoni. Mweusi ni mafuta mengi mno kwa hewa iliyopo, na kabla ya kuwaza makubwa fungua boksi la chujio la hewa.

Taa nyekundu ya oili imewaka kidogo nikiwa kwenye kona. Naweza kufika nyumbani?

Zima injini mahali salama. Taa hiyo huonyesha shinikizo, si kiasi, ingawa kiasi kikipungua sana pampu hunyonya hewa kwenye kona na taa huwaka. Pima kwa kijiti, gari likiwa mahali palipo sawa. Oili ikiwa inatosha na taa inawaka injini inapozunguka polepole baada ya kupata moto, funga geji ya mkono mahali pa swichi ya shinikizo. Geji ikionyesha shinikizo zuri, swichi ni mbovu. Ikionyesha shinikizo dogo, pampu au beringi za kranki zimechoka, na kumwaga oili nzito zaidi ili taa izimike ni kuficha ugonjwa.

Pedali ya breki imekuwa laini, na wakati mwingine gari linavuta upande mmoja. Je, ni pedi?

Pedi zilizolika huleta dalili nyingine. Mlio mwembamba wa chuma, ambao pedi nyingi zimewekewa kibati cha kuutoa kwa makusudi, hutangulia. Mkwaruzo mzito huja baadaye, pale chuma kinapokula diski.

Pedali laini inayokuwa ngumu ukiipiga mara mbili au tatu ina hewa kwenye mabomba. Inayozama taratibu ukiwa umeikanyaga kwa nguvu ileile, bila mafuta ya breki kuvuja popote, inaonyesha kwamba silinda kuu inapitisha mafuta kwa ndani. Inayolegea kwenye mteremko mrefu na kurudi baada ya kupoa inatokana na mafuta ya breki yaliyonyonya unyevu: DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 155 ikishakuwa na maji. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

Gari likivuta upande mmoja, endesha umbali mfupi ukifunga breki mara chache, kisha pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ile yenye moto kuliko mwenzake ina kalipa (kibanio cha pedi) iliyokwama au mpira wa breki ulioziba ndani.

Usukani unatetemeka na kuna mvumo kwenye magurudumu. Nitatofautishaje chanzo?

Mtetemo unaokuja kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa kisha kupungua kwa kawaida ni wa magurudumu yasiyobalansiwa, na tope lililoganda ndani ya rimu linatosha kuuleta. Unaokuja wakati wa kufunga breki ni wa diski zisizo na unene sawa. Unaokuja wakati wa kukanyaga mafuta na kuondoka ukiyaachia ni wa jointi ya ndani ya ekseli. Jointi ya nje hujulikana kwa mlio wa "tak-tak-tak" unapokata kona hadi mwisho.

Mvumo unaopanda na mwendo na usiojali gia ni wa matairi au beringi. Yumbisha gari kidogo kushoto na kulia kwenye barabara tupu. Mvumo ukiongezeka unapogeukia kushoto, uzito umehamia kulia, na beringi ya kulia ndiyo ya kutazamwa kwanza. Usipobadilika, pitisha mkono juu ya tairi: ukihisi meno kama ya msumeno, beringi haina kosa.

Fyuzi inakatika kila nikiweka mpya. Naweza kuweka kubwa zaidi?

Usiweke, wala usifunge waya au karatasi ya sigara mahali pake. Fyuzi imepimwa kulingana na unene wa waya inaoulinda. Ukiweka ya njano ya ampea 20 mahali pa nyekundu ya ampea 10, kitakachoungua safari ijayo ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi usipopaona.

Ikikatika papo hapo, waya umegusa bodi. Ikikatika baada ya dakika kadhaa, kuna mota inayovuta kupita kiasi. Kwa hali ya kwanza, chukua balbu ya wati 21 yenye nyaya mbili na uichomeke badala ya fyuzi. Itawaka kwa nguvu kwa kuwa umeme unapitia kwake kwenda kwenye bodi, bila kuunguza kitu. Kisha tembea na shada la nyaya kwa mkono, ukilitikisa sehemu kwa sehemu, hasa kwenye bawaba za milango na buti na pale linapopita kwenye kingo za bati. Balbu itakapofifia ghafla, mkono wako uko mahali penyewe.

Nikiwasha indiketa, taa ya breki nayo inapepesa. Kunani?

Waya wa ethi wa taa hizo umekatika au umeota kutu, na umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu za jirani. Indiketa inayopepesa haraka kuliko kawaida ni jambo jingine: balbu moja ya upande huo imeungua.

Mizunguko ya injini inapanda lakini gari haliongezi mwendo. Ni giaboksi?

Kwa gari la gia za mkono, karibu daima ni klachi inayoteleza. Ukiwa gia ya nne katika mwendo wa wastani, kanyaga mafuta ghafla. Mshale ukiruka huku gari likibaki lilivyo, sahani imelika au imelowa oili. Kwa otomatiki, anza na mafuta ya giaboksi, yakipimwa kwa namna kitabu cha gari kinavyoagiza, kwani mengi hupimwa injini ikinguruma na mafuta yakiwa ya moto. Mekundu na yasiyo na harufu ni mazuri. Meusi yenye harufu ya kuungua yanaonyesha kwamba klachi za ndani zimeshaanza kuungua.

Gari huzima lenyewe likiwa la moto, kisha linawaka baada ya nusu saa. Fundi anasema haoni kosa. Nifanyeje?

Mpelekee gari likiwa katika hali hiyo, au mwambie aitengeneze hali hiyo, kwa maana hitilafu isiyokuwepo haipimiki. Sensa ya kranki, koili na pampu ya mafuta ndizo zinazojulikana kwa kufa zikipata moto na kufufuka zikipoa. Gari linapozima, usikimbilie kuliwasha tena: nusu saa hiyo ndiyo yenye ushahidi. Sikiliza pampu, angalia cheche, tazama mshale wa mizunguko wakati wa kupiga stata, na uandike ulichokiona. Sehemu unayoishuku inaweza kupashwa moto kwa kikausha nywele gereji, injini ikinguruma, badala ya kusubiri adhuhuri.

Gari moja nililolishughulikia lilikuwa na tabia hiyo kila lilipoegeshwa juani, na tayari lilikuwa limefungwa pampu mpya. Pampu ilikuwa kimya lilipogoma, lakini ilinguruma vizuri nilipoipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa hiyo kosa lilikuwa kabla yake. Nilichomoa rilei ya pampu iliyokuwa nyuma ya dashibodi, nikafungua ganda lake na kuitazama kwa kioo cha kukuza. Kwenye mguu mmoja, risasi ya kulehemu ilikuwa na mpasuko mwembamba kama unywele, duara kamili kuzunguka pini. Joto la juani lilikuwa likiutanua kiasi cha kukata umeme. Niliyeyusha risasi ile upya kwa pasi ya kulehemu, nikairudisha rilei mahali pake, nikaliacha gari juani hadi saa tisa alasiri, na likawaka.